Noti ya nyati isifuliwe wala kupigwa pasi

Mhariri,

Tarehe 5 Aprili 2025 ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilisha noti za zamani za Tanzania. Noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na jero (shilingi 500) ya karatasi ya toleo la 2010, zimekoma kuwa fedha halali. Zoezi lilianza Januari 6 mwaka huo na lilidumu miezi mitatu, lakini kila nyumba ina sanduku, kibubu au kitabu cha zamani ambamo noti husahaulika. Zinapoibuka leo, wenyewe huuliza mambo mawili: zitauzwa shilingi ngapi, na zitasafishwaje. Naomba nafasi katika ukurasa wenu nianze na la pili, kwa sababu jibu lake likikosewa, la kwanza halina maana tena.

Noti haisafishwi. Haifuliwi kwa sabuni, haifutwi kwa spiriti, haipigwi pasi, haiwekwi laminesheni. Karatasi ya noti hutengenezwa kwa nyuzi za pamba na hupakwa gundi nyepesi inayoipa ukavu ule unaosikika noti ikikunjwa. Maji huyeyusha gundi hiyo, noti ikalegea kama kitambaa. Zaidi ya hapo, sehemu muhimu za picha huchapwa kwa bamba lililochongwa, wino ukasimama juu ya karatasi. Ndiyo maana kidole kikipita juu ya noti mpya huhisi mkwaruzo. Pasi huulaza wino huo, na ukishalala hausimami tena. Sabuni ya unga nayo huacha ushahidi wake: ina kemikali za kung'arisha nguo nyeupe, na kemikali hizo hung'aa rangi ya samawati chini ya taa ya urujuanimno, ilhali karatasi halisi ya noti hubaki na giza. Mnunuzi mwenye taa ndogo ya kukagulia noti hutambua noti iliyofuliwa papo hapo, hata kama kwa macho inapendeza kuliko mwenzake mchafu. Noti chafu isiyoguswa ina thamani kuliko safi iliyooshwa.

Laminesheni ni mbaya kuliko vyote. Joto la mashine huyeyusha plastiki ikaingia ndani ya nyuzi, na hakuna njia salama ya kuitoa. Selotepu hufuata: gundi yake hugeuka njano, kisha kahawia, na hupenya hadi upande wa pili. Noti iliyochanika iache ilivyochanika, uiweke tu kwenye mfuko wake. Rababendi huacha mstari wa kahawia na hung'ang'ania karatasi ikizeeka. Pini za stepla hushika kutu, na tundu la kutu huendelea kupanuka hata pini ikishatolewa.

Sasa nieleze kwa nini ninaitaja noti ya nyati. Katika toleo la 2003, shilingi 500 ilibeba nyati usoni na Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mgongoni. Toleo la 2010, lililoingia mitaani mwanzoni mwa 2011, lilimwondoa nyati likamweka Mzee Karume. Kisha mwaka 2014 ikaja sarafu ya shilingi 500, na noti ikaanza kutoweka yenyewe. Wenzake watatu bado tunao mifukoni: simba kwenye 2000, faru kwenye 5000, tembo kwenye 10000. Nyati peke yake hana mrithi kwenye noti zetu. Jero nayo ndiyo iliyopita mikono mingi, kwenye daladala, gengeni, kwenye ndoo za wauza samaki, kwa hiyo zilizobaki nyingi zimechakaa vibaya. Nzima kabisa ni chache kuliko watu wanavyodhani, na hizo chache ndizo zinazofuliwa na kupigwa pasi na wenyewe wakidhani wanazipandisha bei.

Mtu anayetaka kuanza kukusanya noti za wanyama na majengo ya Afrika hana haja ya kuanza na za gharama. Aanze na hizo tatu zilizo mkononi, azitafute zikiwa mpya. Aende benki siku ambayo si ya mishahara, amwombe karani noti mpya za bunda lililofungwa, kisha achague za katikati ya bunda. Za juu na za chini huumia kwa utepe wa kufungia na pembe zake huwa zimegongwa. Asilipe zaidi ya thamani iliyoandikwa kwa noti ambayo bado inatumika, isipokuwa ina jambo la pekee kwenye namba yake.

Mgongo wa noti uangaliwe kwa makini kama uso wake. Nyuma ya simba iko Ngome Kongwe ya Zanzibar, nyuma ya faru uko mgodi wa dhahabu wa Geita, nyuma ya tembo yako majengo ya Benki Kuu. Noti hizi hazina mwaka. Kinachotenganisha uchapaji mmoja na mwingine ni saini mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Toleo la 2003 lilianza na saini ya Gavana Daudi Ballali. Toleo la 2010 lilianza na Benno Ndulu, akafuata Florens Luoga, kisha Emmanuel Tutuba. Na kila Waziri wa Fedha anapobadilika, jozi ya saini hubadilika pia. Mkusanyaji wa kweli hasemi "nina noti ya tembo", husema ana tembo ya Ndulu au ya Luoga. Jozi iliyodumu muda mfupi huchapwa chache, na hapo ndipo uhaba unapoanzia. Tofauti nyingine huonekana noti ikielekezwa kwenye mwanga: za zamani zina kichwa cha twiga ndani ya karatasi, toleo la 2010 lina kichwa cha Baba wa Taifa.

Daraja la noti hupimwa kwa mikunjo kwanza, uchafu baadaye. Weka taa ya mezani pembeni, mwanga upite juu ya noti kwa mshazari badala ya kutoka juu moja kwa moja. Mikono iwe imenawa na kukauka, shika kingo tu. Geuza noti taratibu, hesabu kila mstari unaotupa kivuli. Noti isiyo na mkunjo hata mmoja, pembe zake nne kali, ndiyo inayoitwa UNC na wakusanyaji wa dunia nzima. Yenye mkunjo mmoja mwepesi wa katikati, au alama ndogo ya kuhesabiwa kwenye pembe, hushuka daraja moja, ikaitwa AU. Mikunjo myepesi isiyozidi mitatu, au mmoja mzito, ni EF. Yenye mikunjo kadhaa lakini karatasi bado ngumu ni VF. Ikishalegea na kuchafuka ni F na kushuka chini. Kutoka UNC hadi VF bei ya noti ileile yaweza kuanguka mara kadhaa, na muuzaji asiye mwaminifu huishi katika pengo hilo. Picha ya simu iliyopigwa kutoka juu hufuta mikunjo yote. Dai picha ya pande zote mbili na nyingine iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni, akikataa, acha.

Kwa jirani zetu mambo ni tofauti kidogo. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu. Noti mpya zilizinduliwa Juni 1, 2019 huko Narok, na zote zina jengo la mikutano la KICC, Nairobi, usoni. Sanamu ya Mzee Kenyatta iliyo mbele ya jengo hilo ilizua kesi, na mahakama ikaamua noti zibaki. Wanyama wako mgongoni mwa noti ya 500, yenye mada ya utalii, lakini kwa wingi wamehamia kwenye sarafu za 2018: twiga kwenye shilingi 1, faru 5, simba 10, tembo 20.

Noti ya zamani ya Kenya ya shilingi 1000 ilikoma kutumika Oktoba 1, 2019, na zaidi ya noti milioni 7 hazikurudi benki. Nairudia idadi hiyo: zaidi ya milioni saba. Mtu akikwambia noti hiyo ni adimu kwa sababu "haitumiki tena", mkumbushe. Kuondolewa kwenye mzunguko na kuwa adimu ni vitu viwili, na kosa la kuvichanganya ndilo linalowaingiza watu wetu mikononi mwa matapeli. Kwa upande mwingine, noti ndogo za zamani za Kenya hazikufutwa pamoja na ile ya 1000. Ile ya 50 yenye msafara wa ngamia na pembe za ndovu za Mombasa mgongoni haipaswi kumgharimu mtu pesa nyingi, na ni mojawapo ya picha nzuri za mji wa pwani zilizowahi kuwekwa kwenye pesa. Benki huziondoa moja moja zinaporudi, kwa hiyo anayezitaka katika hali nzuri asingoje. Noti za Kenya zina tarehe, na anayeanza kuzikusanya afuate tarehe hiyo.

Uganda ndiyo iliyotupa heshima kubwa zaidi katika ukanda huu. Noti yake ya shilingi 50000, toleo la 2010, yenye masokwe wa milimani mgongoni na Mnara wa Uhuru usoni, ilichaguliwa noti bora ya mwaka 2010 na chama cha kimataifa cha wakusanyaji wa noti, IBNS. Tatizo lake ni bei. Ukitaka iliyo mpya kabisa unafungia shilingi 50000 za Uganda ndani ya albamu. Anayeanza apite kwanza Rwanda, achukue faranga 1000 yenye kima wa dhahabu, kisha Burundi, toleo la 2015, lenye mamba kwenye 500, nyati kwenye 5000 na kiboko kwenye 10000.

Kongo ya Kinshasa ndiko kwenye utajiri wa wanyama na ndiko kwenye mtego wa tarehe. Noti ya faranga 20 ya 2003 ina simba, na kwa kuwa thamani ya faranga ilishuka mno, hupatikana mpya kabisa kwa bei ndogo. Hakuna noti bora ya kumpa mtoto anayeanza. Faranga 100 ina tembo usoni na bwawa la Inga mgongoni, mnyama na jengo kwenye karatasi moja. Noti kubwa za faranga 10000 na 20000, yenye nyati na yenye twiga, zimeandikwa 2006, lakini zilitolewa 2012. Daftari lako liwe na nafasi mbili, tarehe iliyochapwa na mwaka wa kutolewa. Wengi huandika moja, kisha hushindwa kuelewa kwa nini saini hailingani na mwaka.

Wakazi wa Tanga wana sababu yao ya kuitafuta noti ya Komoro ya faranga 1000, toleo la 2005: ina silikanti, samaki yuleyule wa kale anayelindwa na hifadhi ya bahari ya Tanga, ambaye Wakomoro humwita gombessa.

Kusini mwa bara wanyama ni wengi kiasi cha kuchosha, nitataja kwa haraka. Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipanga wanyama watano wakubwa, faru 10, tembo 20, simba 50, chui 200, na nyati akakaa kwenye 100. Mwaka 2012 Mandela alichukua uso wa noti zote, wanyama wakahamia mgongoni. Namibia ilichagua swala wakubwa na wadogo, wakiwemo tandala kwenye 50 na choroa kwenye 100. Zambia ina tai mlasamaki usoni, na mwaka 2003 ilitoa kwacha 500 na 1000 za plastiki, kabla haijafuta sifuri tatu Januari 2013. Msumbiji ina Samora Machel usoni na wanyama nyuma. Mwaka 2011 noti zake za 20, 50 na 100 zilifanywa za plastiki, kubwa zaidi zikabaki karatasi.

Noti za plastiki zina matunzo yake. Hazinyonyi maji, lakini mkunjo mkali haunyooki kamwe, na wino hubanduka kwenye mstari wa mkunjo. Zikikaa karibu na joto husinyaa. Usiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata nusu saa.

Zimbabwe inahitaji onyo lake. Mawe yaliyobebana ya Epworth, karibu na Harare, yamekuwa kwenye noti zake tangu miaka ya 1980. Noti ya dola trilioni 100 iliyoandikwa 2008 ina mawe hayo usoni, na mgongoni ina nyati na Maporomoko ya Victoria. Imekuwa maarufu hadi kuigwa. Ya kweli ni ya karatasi, ina saini ya Gavana Gideon Gono, na namba yake huanza na herufi AA, au ZA kwa zile zilizochapwa kufidia noti zilizoharibika kiwandani. Zile za rangi ya dhahabu zinazong'aa ni mapambo. Na trilioni 100 ndiyo noti kubwa kuliko zote zilizotolewa na Benki Kuu ya Zimbabwe. Yoyote yenye sifuri zaidi ya hizo haikutoka huko.

Kwa hapa kwetu, kinachoghushiwa zaidi ni vya kale. Noti za rupia za Zanzibar za 1908, zenye jahazi na wachuma karafuu, ni adimu sana duniani. Zilichapwa London na kampuni ya Waterlow, na rupia yenyewe ilikoma 1936, ikibadilishwa kwa shilingi moja na nusu ya Afrika Mashariki. Mtu akikuletea moja mtaani, chukulia kuwa ni nakala mpaka ithibitike vinginevyo. Tumia kioo cha kukuza mara kumi: picha ya mashine ya ofisini huonekana kama vitone vya rangi, noti halisi huonyesha mistari iliyonyooka, isiyokatika. Rahisi zaidi kupatikana ni rupia za dharura za Mjerumani za 1915 na 1916, zilizochapwa humuhumu nchini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga njia ya meli. Picha za wanyama hazitarajiwi humo. Simba wa Mjerumani yuko kwenye rupia 5 ya 1905, na bei yake ni ya wenye uwezo.

Wanaotuma ujumbe wakidai wananunua noti za zamani kwa mamilioni hujulikana kwa jambo moja. Kabla ya kulipa, wanadai wewe ulipe kwanza, iwe "ada ya usajili", "cheti" au "usafiri wa mtaalamu". Mnunuzi halisi huomba picha, namba na saini, kisha hutaja bei. Hatozi muuzaji kitu.

Nimalizie kwa uhifadhi, hasa kwa sisi wa pwani. Unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja ni mkubwa kuliko karatasi inavyopenda. Noti hutaka hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 40 hadi 50. Nunua kipimo kidogo cha unyevu, kisha tumia kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana, uweke vifuko vya silika jeli kama vile vya kwenye maboksi ya viatu. Vifuko hushiba, vibadilishe kila kipimo kinapopanda, na kila wiki masika yakianza. Kasha likae rafu ya katikati ya kabati lililo ukuta wa ndani. Sakafuni kuna mchwa, juu ya kabati kuna joto la bati. Mifuko ya noti iwe ya poliesta au polipropilini, yenye ukubwa unaozidi noti kwa sentimita moja kila upande. Mifuko laini yenye harufu kali ya plastiki ni ya PVC: baada ya miaka michache hutoa mafuta, noti ikanata. Harufu hiyo itoshe kukufanya uirudishe dukani. Karatasi ya albamu ya A4 yenye mifuko mitatu hutosha noti zetu nyingi. Kila noti mfuko wake, na maelezo yaandikwe kwenye kadi, kamwe si kwenye noti: nchi, thamani, toleo, saini, namba, daraja, bei na siku ilipopatikana.

Ukikuta ukungu, usifute. Itenge noti hiyo na nyingine, iache kivulini penye hewa hadi ikauke kabisa, ndipo uupangue ukungu kwa brashi laini ya rangi, ukifanyia nje ya nyumba.

Ombi langu kwa gazeti ni dogo. Mnapoandika habari ya noti ya zamani kuuzwa kwa bei kubwa, tajeni toleo lake, saini zake na daraja lake, na wekeni picha ya pande zote mbili. Msomaji mwenye jero ya nyati ndani ya Biblia au Msahafu wa bibi yake ataweza kulinganisha mwenyewe, na hataikimbiza kwenye beseni la sabuni.

Mkusanyaji wa noti,
Dar es Salaam